Herufi Mbili kwa Ulimi Mmoja

Nilipojua kusoma nilikuwa sishikiki. Kila kitu nilitaka kukisoma. Ng'ombe wa jirani walikuwa na alama ya kuchomwa ubavuni, nikaisoma, nikamwambia mama kwamba ni V. Nyayo za kuku kwenye vumbi nazo nilizisoma, na zilipokosa maana niliwalaumu kuku. Mama, ambaye sisi tulimwita mayu kama watoto wote wa Kisukuma, alisema nitarukwa na akili nikiendelea hivyo. Nikamjibu kuwa akili ndiyo kwanza inaniingia. Alinitupia gunzi la mhindi, likanikosa, akacheka.

Darasa letu lilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta, karibu na kisima, na mwalimu alikuwa mwalimu wa dini, Msukuma mwenzetu. Alikuja mara tatu kwa juma na kitabu kimoja na vibao vya mawe vinne. Sisi tulikuwa ishirini na zaidi, kwa hiyo wengi tuliandika mchangani kwa vijiti. Kabla hatujagusa kijiti alitusimamisha na kutueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema Mungu aliwapa wanyama pumzi akaishia hapo, lakini mtu alimpa pumzi na neno. Kisha, kwa kuwa neno husemwa likapotea, akampa na herufi za kulishika. "Msidhani herufi ni za Wazungu," alisema. "Wazungu wamezibeba tu kutuletea. Mpagazi si mwenye mzigo." Nilifurahi mpaka nikataka kuruka. Niliona kama nimetumiwa zawadi kutoka mbali sana, na aliyenitumia ananijua mimi, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Tuliimba ba be bi bo bu mpaka mbuzi wakatuzoea. Tukaimba pa pe pi po pu. Tukafika la le li lo lu, tukaimba kwa nguvu. Siku iliyofuata mwalimu akaandika herufi nyingine, akasema sasa tunaimba ra re ri ro ru. Tukaimba. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizi tuliimba jana."

"Jana zilikuwa nyingine."

"Mbona zinasikika zilezile?"

Naye alipozitamka zilisikika zilezile, maana lugha yetu haina hiyo sauti ya pili, na ulimi wake ulikuwa umelelewa kama wetu. Akaniambia nitumie macho. L ni ndefu, imesimama wima. R ni fupi, shingo imeinama. Nikauliza, basi kwa nini Mungu atoe herufi mbili kwa sauti moja? Darasa zima likageuka kunitazama. "Mungu hakosei," mwalimu alisema. "Andika." Nikaandika, lakini nilikuwa mbishi tangu tumboni na jambo hilo halikunitoka. Mwishowe nikajiambia kwamba ile r ni nyongeza, kama karanga anazokuongezea muuzaji akikupenda.

Mwaka huo baba hakuwepo nyumbani. Habari za dhahabu ya Geita zilikuwa zimefika hadi kwetu, upande wa Tinde, na baada ya mavuno ya mtama wanaume kadhaa walifunga mizigo wakaenda kuchimba. Baba alikwenda nao. Hakuwa mtu wa maneno. Aliniona nikiandika mchangani asubuhi na jioni, na hakuwahi kusema ni vizuri au ni vibaya. Nilimwonyesha jina lake siku moja, akalitazama, akaenda kufungua ng'ombe. Liliniuma hilo, tena sana, na alipoondoka nilikuwa bado nimemnunia.

Barua yake ilifika kiangazi kinaishia, mkononi mwa mtu aliyetoka machimboni akielekea Isaka kupanda treni. Barua! Hakuna nyumba ya jirani iliyowahi kupata kitu hicho. Niliomba kuisoma. Baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyetutunza wakati huo, alinicheka usoni, akasema barua ya watu wazima haisomwi na anayeandika kwa kijiti. Akaitwa karani wa baraza la ntemi, mtawala wetu, mtu mwenye kalamu mfukoni na viatu. Karani aliketi kwenye kigoda, akaisoma kimyakimya huku midomo ikicheza, kisha akatueleza kwa Kisukuma, maana bibi, mama yake baba, hakujua Kiswahili na mayu alikijua kidogo tu.

"Amewasalimu nyote. Yeye ni mzima. Anasema amepata mahari ya huyu mtoto. Watu wenyewe ni wema, wako tayari kumpokea. Aletwe kabla ya mvua."

Mayu alikuwa anapepeta uwele. Ungo ulisimama hewani. Mimi nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba karani arudie, naye akarudia maneno yaleyale kwa sauti ya mtu anayejua kuwa hakosei. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, hakuna aliyehesabu sawasawa. Walikuwapo wasichana walioolewa wakiwa wadogo kiasi hicho, lakini sikuwahi kufikiri kuwa nitakuwa mmoja wao, na mkononi mwa baba yangu mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo nilikatazwa darasa. Baba mkubwa alisema mwali hakai na wavulana kuimba ba be bi. Bibi alianza kutunga shanga. Majirani walikuja kunitazama, wakanigeuza huku na huku, wakasema machimboni kuna utajiri na nitakula wali. Sikutaka wali. Nilitaka ukurasa wa saba wa kile kitabu, ambao wenzangu walikuwa wameufikia na mimi bado.

Mayu aliichomeka barua kwenye nyasi za paa, upande wa ndani. Alipokwenda kisimani nikapanda kinu, nikaitoa. Nilikuwa na hakika kwamba karani amesema uongo, kwamba herufi, zawadi yangu, hazitanifanyia jambo kama hilo. Nikaanza kusoma. Baba hakujua kuandika, na mwandiko wa aliyemwandikia ulikuwa wa penseli, mkubwa, wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Ni-me-pa-ta. Nikaenda mbele polepole. Ma-ha. Nikafika ile herufi. Fupi, shingo imeinama. Niliisogeza karatasi mlangoni penye mwanga, nikaitazama tena. Ilikuwa r kabisa, haina ubishi. Mahari.

Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia baba, nikazikasirikia herufi, na nitasema ukweli, nilimkasirikia na Mungu aliyezitoa. Nikamwambia, kumbe ile nyongeza yako ilikuwa hii? Nikairudisha barua darini, lakini baadaye nikaitoa tena nikaificha kwenye pindo la nguo yangu. Sikujua ni kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa maandishi, na sikuwahi kumiliki maandishi.

Siku tatu kabla ya safari nilitumwa Tinde, dukani, kuchukua chumvi na kaniki mpya ya kuvaa njiani. Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani wakaoa Tabora. Siku hiyo hakuwepo, alikuwepo mkewe, mama mnene mwenye macho ya kucheka, ambaye Kiswahili kilikuwa lugha ya tangu titi la mama yake. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, ndani kidogo, na kitabu mapajani. Nilipoona kitabu nikasahau chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona macho mekundu?"

Nilikuwa nimeshainamia kitabu chake. Sikuielewa hata herufi moja. Zilikuwa zimepinda na kuning'inia, zina vidoa juu na chini, na kidole chake kilikuwa kikitoka kulia kwenda kushoto.

"Mama, unasoma kinyumenyume!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe ndiye unayesoma kinyumenyume, binti. Hizi ndizo alizonifundisha baba yangu. Naandika kwa hizi barua zangu zote, Kiswahili hikihiki. Zile za kwenu za misheni mimi sizijui hata moja."

"Mwalimu wetu anasema herufi zetu zimetoka kwa Mungu."

"Na zangu zimetoka kwa nani, kwa jirani?" Akanifinya shavu. "Kalamu ni yake, mwanangu. Anaandika atakavyo, kutoka huku na kutoka kule."

Sijui nieleze vipi nilivyosisimka. Mungu ana herufi za namna mbili! Pengine tatu! Niliketi bila kukaribishwa. Akaniuliza tena habari ya macho, na safari hii nikamweleza kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, barua ya baba, safari, siku tatu. Nikaitoa kwenye pindo. Aliigeuza mkononi, akatikisa kichwa, akanirudishia. "Kwangu mimi hii ni mikwaruzo. Nisomee wewe."

Nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama tulivyofundishwa. "Nimepata mahali pa mtoto. Watu wema, wako tayari kumpokea. Aletwe kabla ya mvua."

Uso wake ukafunguka. "Basi hongera! Unalilia nini? Baba yako amekupatia mahali."

"Hapana mama. Ni mahali. Ile ya ng'ombe."

"Ipi ya ng'ombe?"

"Mahali, mama! Mahali ya kuolewa!"

Akanitazama, akaelewa, akaanza kucheka tena, lakini kwa upole. "Ulimi wa Kisukuma huo. Unataka kusema mahari. Sema: ra."

"La."

"Ra."

Ndipo nikaisikia. Kwa mara ya kwanza maishani niliisikia ile herufi yenye shingo, inatetemeka kidogo nyuma ya meno ya mama yule, tofauti kabisa na dada yake. Zilikuwa mbili kweli! Mungu hakuongeza, hakurudia, alikuwa ametoa sauti mbili na sisi tulikuwa tumepokea moja. Nilimwomba aseme tena. Akasema ra, ra, ra, na mimi nikimtazama mdomoni kama kifaranga. Nilisahau kuwa ninaozwa.

"Sasa," alisema, "nimesikia umesoma mahali pa mtoto."

"Ulimi wangu tu ndio uliosema hivyo. Karatasi ina ile fupi, ina r. Tazama hapa."

"Mimi hayo ya fupi na ndefu siyajui. Nakuuliza neno linalofuata. Umesoma nini baada yake?"

"Pa."

"Hakikisha."

Nikahakikisha. P, a. "Pa, mama."

"Basi imekwisha. Hakuna mtu aliyezaliwa akasema mahari pa mtoto. Ni mahari ya mtoto. Pa inakwenda na mahali, haiendi na kitu kingine. Mahali pa mtoto, mahali pazuri, mahali pangu. Aliyeandika barua hii ana ulimi kama wako, haijui r yake mahali pa kuiweka, akaitupa pale. Lakini lugha alikuwa nayo. Mkono ulikosea, lugha haikukosea."

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikamshika mama wa watu shingoni bila adabu yoyote. Yeye hakujua herufi zangu, mimi sikuijua lugha yake vizuri, na kati yetu wawili barua ilikuwa imesomeka. Nikatoka mbio. Aliniita nirudi kuchukua chumvi.

Nilifika nyumbani natweta. Baba mkubwa alikuwa anachonga mpini wa jembe, bibi anatunga shanga, mayu yuko jikoni. Nikayamwaga yote pale uani kwa pumzi moja. Baba mkubwa hakuinua hata macho.

"Karani wa ntemi amesoma shuleni miaka. Wewe unamsahihisha kwa maneno ya mke wa mwenye duka, ambaye hata hizo herufi hazijui?"

"Ni ile pa, baba mkubwa!"

"Pa ni kitu gani? Neno dogo kama chawa."

Hapo nilikwama. Bibi hakujua Kiswahili, na baba mkubwa alikijua cha kununulia vitu tu. Ningewaonyeshaje pa? Nikasimama naiuma midomo. Na ghafla, sijui ilitoka wapi, nami huwa nasema ilitoka kwake aliyetoa neno, nikaona kwamba hata sisi tunayo! Kisukuma kinayo! Sisi husema hanhu, mahali, na hanhu haiachani na ha yake.

"Bibi," nikasema, "ukitaka kusema mahali pa mtoto, unasemaje?"

"Hanhu ha ng'wana," bibi akajibu bila kufikiri.

"Na ng'ombe wa mtoto?"

"Ng'ombe ja ng'wana."

"Sasa sema ng'ombe ha ng'wana."

Bibi alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. "Ng'ombe ha..." Akaanza kucheka, kicheko cha meno mawili, shanga zikimporomoka. "Nani anasema hivyo? Hata mgeni hasemi hivyo!"

"Barua ndiyo iliyosema hivyo, bibi! Kama ni mahari, basi baba amesema ng'ombe ha ng'wana!"

Bibi aliacha kucheka. Mwanamke yule hakujua herufi hata moja, lakini lugha ilikuwa mwilini mwake yote, na aliijua ha kama anavyojua mlango wa nyumba yake. "Mwanangu hawezi kusema hivyo," alisema. "Nilimfundisha mimi kusema." Nikamwona baba mkubwa akijaribu kwa sauti ya chini, ng'ombe ha, ng'ombe ha, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Haikutoka. Aliweka mpini chini.

"Haya. Mahali," alisema. "Lakini mahali pa nini? Nyumba ya mume nayo ni mahali. Watu wema watakaompokea ni akina nani kama si wakwe?"

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Barua ilisema niletwe, na baba alipaswa kutiiwa, kwa hiyo safari ilibaki palepale. Lakini bibi alikusanya shanga zake akazirudisha kwenye kibuyu. "Hatavaa hizi mpaka nijue," alisema, na baba mkubwa hakumbishia mama yake.

Tulitembea siku saba, mimi na baba mkubwa na wanaume wawili waliokuwa wanakwenda kutafuta kazi. Tulipita mapori ya mbung'o, tukala viazi vikavu, na kila jioni miguu iliwaka. Kila hatua nilijisemea mahali pa, mahali pa, mahali pa nini. Mara nilikuwa na furaha ya kuniinua kutoka ardhini, mara nikawaona wakwe wasio na nyuso wamekaa wananisubiri. Wale wanaume walisema mtoto huyu anaongea peke yake.

Baba tulimkuta mchana, anatoka shimoni, amejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Sikumsalimu vizuri. Nilimuuliza palepale, mbele ya watu.

"Baba, mahali pa nini?"

Alishangaa. "Pa kusoma. Kuna masista, mwendo wa asubuhi kutoka hapa, wanafundisha wasichana. Nimewaambia ninaye mmoja anayeandika chini kila siku. Si niliwaambieni kwenye barua?"

Nilipiga ukelele hata wachimbaji wakageuka. Alikuwa ameona! Alikuwa ananiona wakati wote ule aliponyamaza! Baba mkubwa alikaa juu ya gogo, akamweleza habari ya karani, na mahari, na shanga. Nilitegemea baba atacheka. Hakucheka. Alijifuta uso, matope yakaenea zaidi.

"Sikujua shule inaitwaje," alisema polepole. "Nilimwambia mwandishi, waambie nimepata mahali. Nilidhani karatasi itajua." Akamtazama kaka yake. "Mngekutana na mtu pale njiani, akasema yeye ndiye mkwe, mngempa mtoto."

Akanivuta karibu yake, akanishika bega, na hakuliachia. Sikuwahi kumwona baba akiogopa kitu, na aliogopa wakati hatari yenyewe ilikuwa imekwisha kupita.

Kesho yake alioga, akaazima shati, akanipeleka yeye mwenyewe. Sista mmoja, Mzungu mzee aliyekijua Kisukuma, alikuwa mezani na daftari kubwa. Alimuuliza baba amemleta nani. Na baba yangu, yule mtu asiye na maneno, akasimama wima akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kutoka kwake. "Huyu ni binti yangu wa kumzaa. Hakuja kuolewa. Hakuna ng'ombe, hakuna mume, hakuna mkwe. Amekuja kusoma. Mwandike hivyo, nami nasubiri hapa."

Sista akatabasamu, akaandika. Baba hakuondoka. Alinisukuma mbele kwa kiganja chake, mpaka mezani.

"Nisomee alichoandika."

Nikainama. Kulikuwa na jina langu, na jina la baba, na mbele yake neno moja. Nikalisoma kwa sauti. "Mwanafunzi." Halikuwa na l wala r ndani yake, nami nikalitamka sawasawa.

"Soma tena," akasema baba.

Nikasoma tena.